Apolo Kivebulaya: Askari Aliyeshika Jembe

Wengi wetu tulio jeshini na katika polisi tumezoea kupelekwa kazini kwa lori au pikipiki. Yafaa basi tumkumbuke mtu aliyevuka milima na mto kwa miguu kwenda kufanya kazi ugenini, naye kabla ya hapo alikuwa amekwenda vitani kama sisi.

Mtu huyo ni Apolo Kivebulaya. Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akaitwa Waswa kwa kuwa alikuwa pacha. Ujanani aliingia katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda, na mwaka 1891 alikuwamo katika msafara wa Kapteni Lugard uliokwenda Toro. Jina la Kivebulaya, yaani kitu kitokacho Ulaya, lilitokana na koti jekundu la kijeshi alilolivaa juu ya kanzu.

Mwaka 1895 alibatizwa, akatumwa Toro kufundisha. Mwishoni mwa mwaka 1896 alijitolea kwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameondoka, kwani wenyeji waliwanyima chakula. Apolo alilipima jambo hilo kabla ya safari, akachukua jembe. Alipita mabega ya Rwenzori, akateremka katika bonde la joto kali, akavuka Semliki, kisha akapanda tena hadi Mboga. Alipofika, alilima mwenyewe na kula jasho lake. Njaa, iliyowashinda wenzake, kwake ilikosa makali.

Chifu Tabaro hakupendezwa na mafundisho yake. Apolo alipigwa nusura afe. Ndipo ukaja mtihani mkubwa zaidi. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki akafa, na Apolo akashtakiwa kwa mauaji. Njia aliyokuja nayo akiwa mwalimu, alirudi nayo akiwa mfungwa, akatiwa gerezani Fort Portal. Wenzetu wa polisi wanafahamu vyema uzito wa shtaka la namna hiyo kwa mtu asiye na kosa, tena asiye na ndugu mahali pale.

Hatimaye ilidhihirika kuwa hakuua, akaachiliwa. Hakuna ambaye angemlaumu kama angerejea kwao Buganda. Yeye alishika tena njia ya Semliki, akaenda kwa Tabaro yule yule. Chifu alistaajabu kumwona, na baadaye naye akabatizwa.

Apolo alipata ukasisi mwaka 1903, akafanya kazi Toro kwa miaka mingi. Mkataba wa mipaka wa mwaka 1910 uliiweka Mboga upande wa Kongo ya Wabelgiji, lakini mpaka huo haukumzuia. Alirejea huko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na tangu mwaka 1921 akaingia msituni kuwafundisha Wambuti. Mwaka 1922 akafanywa kanoni wa Namirembe.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, uliko msitu, wala si mashariki kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Alitaka hata kaburi lake lielekee kazi iliyobaki.

Sisi tulioapa kwenda popote tutakapotumwa, na tuitafakari safari ile ya pili. Ya kwanza aliifuata asijue yatakayompata. Ya pili aliifuata akiyajua yote.