Shaaban Robert, karani mwenye alimaliza vitabu vyake kidogo kidogo

Hapa Goma tunakutana na vijana wengi wenye wana hadithi ndani ya kaye. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha basi. Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: kazi ni mingi, umeme umekatika, wakati hakuna. Na sisi wa redio tuna kaye za namna hiyo, tusidanganyane. Juu ya hiyo, leo tunamkumbuka Shaaban Robert, mwandishi mwenye wengi wetu tunajua jina lake tu, bila kujua alikuwa anaishi kwa kazi gani.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, karibu na mji wa Tanga, pwani ya Tanganyika. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 mpaka 1926, na masomo ya darasani yakaishia hapo. Chuo kikuu hakukiona. Mwaka 1926 aliingia kazi ya serikali ya Waingereza kama karani wa forodha. Mwaka 1944 akapelekwa idara ya wanyama, kule Mpwapwa, kisha akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya na baadaye ofisi ya upimaji. Ni zaidi ya miaka thelathini ya kuamka asubuhi na kwenda biro.

Mchana ulikuwa wa serikali. Hakuna mtu alimlipa abaki nyumbani aandike. Maandishi yake yalipaswa kuingia kwenye nafasi ndogo ndogo zenye kazi ilimwachia, na nafasi hizo nazo zilikuwa na shida zake. Alimzika mke wake Amina, akabaki na watoto wa kulea. Hata hapo biki haikulala: kwa binti yake alitunga Utenzi wa Hati, kwa mwana wake Utenzi wa Adili.

Lakini kazi yenye inatushangaza zaidi ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, juu ya vita ya pili ya dunia, ile yenye babu zetu wa Force Publique walipigana mpaka Saïo, Ethiopia, mwaka 1941. Utenzi huo una beti 3,000. Tulipiga hesabu: ukigawa beti hizo kwa siku zote za ile miaka sita ya vita, beti mbili kwa siku hazifiki. Ni hesabu yetu, si kusema kama yeye alipima hivyo. Ila ubeti wa utenzi ni mistari minne mifupi. Mtu anaweza kuutunga maji ya chai yakiwa bado jikoni.

Na Kusadikika, kilichotoka 1951, ni kitabu chembamba. Karama anashitakiwa barazani, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na safari yake. Ukikisoma unaona kila mjumbe ni kama hadithi fupi peke yake. Mwenye kusumbuka na kaye yake aangalie vizuri namna kitabu hicho kimeunganishwa: leo mjumbe mmoja, kesho mwingine.

Kumaliza kuandika hakukumaanisha kuchapishwa. Barua zenye alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge tangu 1931 mpaka 1958 zilikuja kuwa kitabu mwaka 2002 tu. Kufikirika alikiandika miaka ya 1940, na kikabaki mswada miaka mingi, yeye akiendelea na vingine.

Alifariki tarehe 20 Juni 1962, akiwa na miaka 53, miezi michache tu kisha Tanganyika kupata uhuru. Alizikwa kwao, upande wa Tanga. Kufikirika kilichapishwa mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikafuata 1968. Vyote viwili alikuwa ameviacha vimekwisha.