Padri Gregor Mendel na Njegere Zake

Mwaka 1822, katika kijiji cha Heinzendorf, alizaliwa mtoto mwanamume, akabatizwa jina la Johann. Zamani zile kijiji hicho kilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Siku hizi kimo katika nchi ya Cheki, nacho chaitwa Hynčice. Baba yake, Anton Mendel, alikuwa mkulima. Alikuwa na shamba, lakini kila juma ilimpasa kutoa siku tatu amfanyie kazi bwana mkubwa wa nchi, pasipo mshahara. Wazee wetu walioonja kazi ya lazima wangemwelewa upesi.

Padri wa parokia yao alipenda sana miti ya matunda. Aliwafundisha wakulima namna ya kukata kijiti cha mti mwema na kukiunganisha na shina la mti mwingine. Johann alimsaidia baba yake katika kazi hiyo, akazoea kuitazama mimea kwa uangalifu. Shuleni akili yake ilionekana mapema, ndiyo maana wazazi walikubali aende masomo ya mbali, mjini Troppau. Lakini mali haikutosha. Waliweza kumlipia nusu tu ya chakula, naye mara nyingi alilala na njaa.

Mwaka 1838 mti ulimwangukia baba yake, ukamwumiza vibaya, asiweze tena kazi nzito. Johann alikuwa na miaka 16. Toka hapo alijitafutia chakula mwenyewe kwa kuwafundisha wanafunzi wengine. Mwili ulishindwa, akaugua, akarudi nyumbani kulala kitandani muda mrefu. Masomo yake yangalikwisha hapo kama si dada yake mdogo, Theresia. Kwao, kinyume cha desturi yetu, msichana ndiye aliyekwenda kwa mumewe na mali. Theresia alitoa sehemu ya mali hiyo aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake, akampa kaka yake asome. Johann hakulisahau jambo hilo. Miaka mingi baadaye alisaidia masomo ya watoto watatu wa Theresia, na wawili kati yao wakawa waganga wa hospitali.

Mwaka 1843 Johann aliingia monasteri ya watawa wa Mtakatifu Augustino mjini Brünn, ambao leo waitwa Brno. Huko akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 akapata upadri. Kwanza aliwekwa kuwatembelea wagonjwa, lakini kazi ile ilimshinda kabisa. Kila alipoona mtu akiteseka, moyo wake ulifadhaika hata yeye mwenyewe akaugua. Abati Napp, mkubwa wa monasteri, alikuwa mtu mwenye busara. Hakumkaripia, alimtuma kufundisha shuleni. Basi mtu yule asiyeweza kusimama karibu na kitanda cha mgonjwa ndiye aliyekuja kuwafungulia waganga mlango ambao hawakujua kwamba upo.

Wanafunzi walimpenda mwalimu Mendel. Hata hivyo alipojaribu mtihani wa kupata cheti cha ualimu, mwaka 1850, hakufaulu. Abati akampeleka chuo kikuu cha Vienna, akasoma huko toka mwaka 1851 hata 1853. Alijifunza mimea, tena alijifunza hesabu na elimu ya nguvu za vitu. Mwaka 1856 akarudi kwenye mtihani, akaugua katikati, akaondoka mikono mitupu. Hivyo alifundisha miaka 14 bila cheti kamili, akiwa mwalimu wa kushikilia nafasi tu.

Nyuma ya monasteri palikuwa na bustani ndogo, urefu mita 35, upana mita 7. Humo Padri Gregor alipanda njegere. Kwa nini njegere? Kwa sababu ua lake limefungwa. Unga wake huangukia ndani ya ua lile lile, wala hauchanganyiki ovyo na unga wa jirani. Mtu akitaka kuchanganya aina mbili, hulifungua ua kabla halijakomaa, huondoa vichwa vyenye unga kwa kibano kidogo, kisha huleta unga wa mmea mwingine. Halafu hulifunika ua kwa kifuko, wadudu wasije wakaharibu kazi. Ni kazi ya vidole na ya saburi. Padri Gregor aliifanya toka mwaka 1856 hata 1863, na mimea aliyoichungua ilipata kama 28,000.

Alichukua njegere zenye mbegu za mviringo na njegere zenye mbegu za mikunjo, akazichanganya. Mbegu zilizotoka zote zilikuwa za mviringo. Mikunjo haikuonekana hata kidogo. Mtu mwingine angesema kwamba imekufa. Yeye alizipanda mbegu zile za mviringo mwaka uliofuata, akaiacha mimea ijizalie yenyewe, akafungua maganda. Mikunjo ilikuwa imerudi!

Watu wengi kabla yake walikuwa wameona mambo kama hayo. Lakini yeye alifanya jambo ambalo wao hawakulifanya sawasawa: alihesabu. Alikuwa na mbegu 7,324. Za mviringo zilikuwa 5,474, na za mikunjo 1,850. Gawanyeni ninyi wenyewe, mtaona kwamba kwa kila mbegu moja ya mikunjo palikuwa na karibu tatu za mviringo. Akajaribu rangi: mbegu za manjano 6,022, za kijani 2,001. Tena tatu kwa moja. Akajaribu urefu wa mmea, rangi ya maganda, mahali pa maua. Kila mara tatu kwa moja.

Basi akatambua kanuni. Kwa kila jambo la urithi, mmea hupokea sehemu mbili, moja toka kwa baba na moja toka kwa mama. Sehemu nyingine ina nguvu ya kuonekana, nyingine hujificha. Iliyojificha haipotei. Hupita kimya katika mwili wa mzazi, nayo ikikutana na mwenzake katika mtoto, hutokea wazi. Sehemu hizo leo zaitwa jeni.

Tarehe 8 Februari na 8 Machi 1865 aliisoma habari yake mbele ya chama cha wataalamu mjini Brünn. Mwaka 1866 ikapigwa chapa, ikapelekwa katika maktaba zaidi ya 100. Hakuna aliyeielewa. Mendel alimwandikia Nägeli, mtaalamu mkubwa wa mimea mjini Munich, naye hakuona thamani yake. Nägeli alimtia moyo ashughulikie mmea mwingine, wenye maua madogo sana. Padri alichosha macho yake juu ya maua hayo, na hesabu zikakataa. Baadaye ilijulikana sababu: mmea ule mara nyingi huzaa mbegu bila unga wa baba. Kanuni haikuwa na kosa, ila yeye hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Mwaka 1868 watawa wakamchagua awe Abati. Bustani ikakosa bwana wake. Mwaka 1874 serikali ilitoa sheria ya kodi juu ya monasteri, naye akakataa kulipa, akabishana na wakubwa kwa barua miaka kumi. Rafiki zake walichoka, yeye hakuchoka. Yafaa kusema kweli: alikuwa mkaidi, na labda ukaidi ule ule ndio uliomwezesha kumenya njegere miaka minane. Aliendelea kufuga nyuki na kuandika kila siku habari za mvua na upepo. Akafa tarehe 6 Januari 1884, sikukuu ya Epifania, kwa ugonjwa wa mafigo. Watu wa mji walimlilia kama padri mwema na msaidizi wa maskini. Karatasi zake nyingi zilichomwa moto.

Ikapita miaka 16. Mwaka 1900 wataalamu watatu, De Vries, Correns na Tschermak, kila mmoja katika nchi yake, walitangaza kanuni ile ile. Kumbe ilikuwa imekwisha kuandikwa na mtawa wa Brünn!

Miaka miwili baadaye, mwaka 1902, mganga Garrod wa London aliandika juu ya ugonjwa wa nadra sana. Mkojo wa mtoto hugeuka mweusi ukipata hewa. Wazazi ni wazima, na mara nyingi ni watu wa jamaa moja. Garrod aliona kwamba huu ni mkunjo wa njegere: sehemu iliyojificha kwa baba imekutana na mwenzake iliyojificha kwa mama. Toka hapo waganga wamegundua maelfu ya magonjwa ya urithi. Mengi hupata watu wachache tu.

Lakini moja si la nadra kwetu Kongo, nalo ni anemia SS. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hupindika kama mundu, huziba mishipa midogo. Mtoto huumwa mifupa, mikono na miguu yake huvimba, damu humpungukia. Mwaka 1949 mganga Neel wa Marekani alionyesha kwamba mtoto wa namna hiyo amerithi ugonjwa kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe si wagonjwa. Nyumbani mara nyingi shangazi mzee husingiziwa uchawi, au mama hufukuzwa kana kwamba yeye peke yake ameuleta ugonjwa. Baba naye ameutoa kwa kipimo kile kile. Siku hizi hospitali hupima damu na kuonyesha nani ni AA, nani AS, nani SS.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS. Wengine hudhani kwamba akiisha kuzaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo, kwa maana kila mimba huanza hesabu upya. Mendel mwenyewe aliliona jambo hilo bustanini mwake. Mmea mmoja ulimpa mbegu 43 za mviringo na 2 tu za mikunjo. Mwingine, wa uzao ule ule, ulimpa 14 za mviringo na 15 za mikunjo.