Thomas Willis

Thomas Willis (Great Bedwyn, Wiltshire, 27 Januari 1621 – London, 11 Novemba 1675) alikuwa daktari na mwanaanatomia kutoka nchi ya Uingereza. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya ubongo. Pete ya ateri iliyoko chini ya ubongo inaitwa duara la Willis kwa heshima yake.

Maisha

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa upande wa mfalme Charles I. Alipata shahada ya tiba mwaka 1646, na mwaka 1660 aliteuliwa kuwa profesa wa falsafa ya maumbile hukohuko Oxford. Baadaye alihamia London, alikotibu wagonjwa hadi kifo chake. Alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Kazi

Mwaka 1664 alitoa kitabu cha Kilatini "Cerebri Anatome". Richard Lower alimsaidia kupasua maiti, na Christopher Wren, msanifu majengo mashuhuri, alichora picha.

Wengine walikuwa wameiona pete hiyo kabla yake, lakini Willis ndiye aliyeeleza vizuri faida yake: ateri zinazopanda shingoni zimeunganishwa, hivyo moja ikiziba nyingine zinaweza kupeleka damu mahali pake. Katika maiti moja alikuta ateri kubwa ya shingo upande wa kulia imeziba karibu kabisa, lakini marehemu hakuwa amepooza. Ateri ndogo ya nyuma, upande uleule, ilikuwa imepanuka na kufanya kazi badala yake.

Umuhimu kwa kiharusi

Maelezo hayo yanasaidia kuelewa kwa nini ateri ileile ikiziba shingoni, mmoja hupooza na mwingine hasikii lolote: kwa watu wengi duara hilo halijakamilika, au baadhi ya viungo vyake ni vyembamba mno.

Mbele ya duara msaada huo hupungua, kwa kuwa kila ateri hulisha eneo lake. Ile ya kati ikiziba, hudhoofika hasa uso na mkono wa upande wa pili wa mwili. Ikiwa ni ya kushoto, mara nyingi usemi pia hupotea. Ya mbele ikiziba, mguu huathirika zaidi. Ya nyuma ikiziba, mgonjwa hupoteza nusu ya eneo analoliona.