ROGER WA SISILIA: MNORMANI ALIYEANDIKIWA HABARI ZA MALINDI

Mtu akivuka daraja la Sabaki kutoka Malindi, akapita Mambrui, kisha akashika njia ya bara kuelekea Marafa, huwa yumo katika nchi ambayo habari zake ziliandikwa kitabuni miaka mia tatu na zaidi kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498. Kitabu hicho kiliutaja mji wa Malindi kwa jina, kikautaja mto wake wa maji matamu, wavuvi wake, wawindaji wake na chuma chake.

Huenda msomaji akadhani kwamba kitabu kama hicho kiliandikwa Kilwa, au Maskati, au Basra. La. Kilikamilishwa mwaka 1154 katika mji wa Palermo, kisiwani Sisilia, katikati ya Bahari ya Kati. Mwandishi wake alikuwa Mwislamu, tena Sharifu. Lakini aliyemwagiza na kumlipa alikuwa mfalme Mkristo wa kabila la Wanormani, jina lake Roger wa Pili. Waarabu wa zama zake walimwita Rujar, na hata kitabu chenyewe watu wamezoea kukiita Kitabu cha Rujar.

Ni nani huyu mfalme, na ilikuwaje Sharifu akaketi barazani pake kuandika habari za pwani yetu?

WATU WA KASKAZINI

Asili ya jina la Wanormani ni watu wa kaskazini. Mababu zao walikuwa maharamia kutoka nchi za Denmark na Norway, waliokuwa wakipanda mito ya Ufaransa kwa mashua zao ndefu, wakichoma miji na kupora makanisa. Mwaka 911 mfalme wa Ufaransa, aliyechoka nao, alimpa kiongozi wao Rollo nchi iliyo karibu na mlango wa mto Seine, kwa sharti abatizwe na awazuie maharamia wenzake. Nchi hiyo ndiyo Normandy. Baada ya vizazi vichache watu hao walisahau lugha ya babu zao, wakasema Kifaransa na kupigana juu ya farasi.

Mwaka 1066 mtawala wao William alivuka bahari akaitwaa Uingereza. Habari hiyo watoto wa shule waliisoma sana zamani za ukoloni. Isiyosomwa sana ni habari ya Wanormani wengine, vijana wasio na urithi, waliokwenda kusini mwa Italia kuuza panga zao kwa yeyote mwenye dhahabu. Miongoni mwao walikuwa wana wa bwana mmoja mdogo aitwaye Tancred wa Hauteville. Bwana huyo alikuwa na watoto wa kiume kumi na wawili, na shamba lake halikuwatosha. Mdogo wao, Roger, ndiye baba wa mfalme wetu.

Wakati huo Sisilia ilikuwa ya Waislamu. Majeshi yao yalitua huko kutoka Tunisia mwaka 827, na kwa miaka zaidi ya mia mbili walichimba mifereji, wakapanda malimau na miwa, wakajenga misikiti mingi Palermo. Lakini kufikia katikati ya karne ya kumi na moja umoja ulikuwa umevunjika, kila mji na amiri wake. Mmoja wao, Ibn al-Thumna, aligombana na shemeji yake Ibn al-Hawwas. Aliposhindwa, alivuka kwenda Italia kuwaomba Wanormani msaada. Mwaka 1061 walikuja, wakaitwaa Messina. Mwaka uliofuata Ibn al-Thumna aliuawa, lakini wageni wake hawakurudi kwao. Palermo ilianguka mwaka 1072, na ngome ya mwisho mwaka 1091. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nasi wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwani Malindi na Mombasa zilipokuwa zikioneana uhasama, Mreno alipata mlango wa kuingilia.

MTOTO WA PALERMO

Roger wa Pili alizaliwa mwezi Desemba mwaka 1095. Baba yake alifariki mwaka 1101, na kaka yake Simon akafuata mwaka 1105. Hivyo mtoto wa miaka tisa akawa mwenye nchi, na mama yake Adelaide akashika hatamu mpaka mwaka 1112 mwanawe alipobaleghe. Mama huyo aliyahamishia makao yao Palermo, mji ambao bado ulikuwa na misikiti, makadhi na masoko ya Waislamu. Huko kijana Roger alilelewa kati ya makarani Wagiriki, Waarabu na Walatini.

Alikuwa mtu mwenye hesabu kuliko papara. Aliunganisha milki zote za Wanormani wa kusini mwa Italia, na siku ya Krismasi mwaka 1130 akavikwa taji la ufalme Palermo. Papa Innocent wa Pili hakumkubali, akamwendea kwa jeshi mwaka 1139. Jeshi likashindwa, Papa akatekwa, na hapo akamthibitishia Roger ufalme.

Serikali yake iliandika kwa lugha tatu: Kiarabu, Kigiriki na Kilatini. Sarafu zake zilikuwa na maandishi ya Kiarabu, na yeye mwenyewe alijipa lakabu ya Kiarabu, al-Mu'tazz Billahi, kama watawala wa Kiislamu. Joho lake jekundu la hariri, lililodariziwa Palermo mwaka 528 wa Hijra, limezungushiwa pindo la maandishi ya Kikufi, na juu yake simba wawili wanawaangusha ngamia wawili. Joho hilo lipo hadi leo mjini Vienna. Dari ya kanisa la kasri yake ilichongwa na kupakwa rangi kwa ufundi wa mafundi wa Kiislamu. Mkuu wa merikebu zake, George wa Antiokia, Mkristo aliyekuwa amewatumikia watawala wa Mahdia huko Tunisia, alipewa cheo cha amiri. Kutokana na neno hilo ndipo lugha za Ulaya zilipopata jina la cheo cha mkuu wa jeshi la majini.

Lakini mambo yawekwe katika mizani. Waislamu wa Sisilia walilipa kodi iliyoitwa jizya, safari hii wakimlipa Mkristo. Wakulima wao waliandikwa majina katika madaftari, wakagawiwa makabaila na makanisa pamoja na ardhi waliyoilima. Na merikebu za Roger zilivuka hadi Afrika: Tripoli ilitwaliwa mwaka 1146, Mahdia mwaka 1148, wakati watu wa Tunisia wamedhoofishwa na njaa.

SHARIFU NA BAMBA LA FEDHA

Kati ya wageni waliofika Palermo alikuwako Abu Abdallah Muhammad al-Idrisi. Ukoo wake ulikuwa wa Masharifu wa Moroko, kizazi cha Mtume (S.A.W.) kwa upande wa Hassan bin Ali, na wazee wake walikuwa wametawala Andalusia. Alikuwa amesoma na kusafiri. Roger alimpokea kwa heshima kubwa, akamwekea riziki ya kutosha, akampa kazi moja: kuieleza dunia yote inayojulikana.

Kazi hiyo ilichukua miaka kama kumi na mitano. Kwanza walikusanya vitabu vya wataalamu wa kale, wakaona vinapingana. Ndipo mfalme alipoamuru waitwe wasafiri, manahodha na wafanyabiashara. Kila mmoja aliulizwa peke yake, kisha wakaulizwa pamoja. Jambo walilokubaliana liliandikwa. Waliloachana nalo liliwekwa kando. Baada ya hapo ramani ilichorwa juu ya bamba kubwa la fedha lenye uzito wa ratili 400 za Kirumi. Kisha kikaandikwa kitabu chenye ramani 70, ambamo dunia imegawiwa kanda saba, na kila kanda sehemu kumi. Kusini kuliwekwa juu, kwa hiyo nchi yetu ya Zanji iko kileleni mwa ramani na Ulaya iko chini.

Al-Idrisi hakufika pwani yetu. Aliisikia kwa watu na kuisoma kwa waliotangulia. Hata hivyo alieleza kwamba Malindi ni mji mkubwa ufuoni, penye mlango wa mto wa maji matamu. Kwamba watu wake huvua samaki, wakawatia chumvi na kuwauza. Kwamba bara huwinda chui. Na kwamba wana machimbo ya chuma, na chuma ndicho biashara yao yenye faida kubwa. Alisema pia kuwa wako waganga huko wanaojidai kuwafunga nyoka na simba wasimdhuru mtu. Mombasa aliitaja kuwa mji mdogo, mwendo wa siku mbili kutoka Malindi. Unguja alihesabu aina tano za ndizi, na moja iliitwa sukari, jina ambalo kila mama sokoni leo analijua.

Je, maneno ya chuma ni kweli? Wachimbaji wa mambo ya kale kutoka China na Kenya walipofukua ardhi ya Mambrui mwaka 2010, walikuta mabaki ya tanuri la kuyeyushia chuma na mavi ya chuma. Na wekundu wa magenge ya Nyari kule Marafa, ambayo wageni huyastaajabia jioni jua likizama, unatokana na chuma kilichomo katika mchanga wake. Sharifu wa Palermo hakuwa amedanganywa.

MIEZI MITATU YA MWISHO

Hapa ndipo habari ya Roger inapoingia uchungu. Mwaka 1153 merikebu zake ziliutwaa mji wa Bona, katika nchi iitwayo sasa Algeria. Mkuu wa msafara alikuwa Filipo wa Mahdia, mtumishi aliyelelewa kasrini. Filipo aliwaonea huruma wanazuoni na wacha Mungu wa mji huo, akawaruhusu watoke na jamaa zao na mali zao. Aliporudi Palermo alishitakiwa kwamba ni Mwislamu kwa siri. Roger, yule yule aliyependa kuketi na Masharifu, alikubali ahukumiwe, na Filipo akachomwa moto. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, mwaka 548 wa Hijra.

Mwezi uliofuata, Mfungo Mosi, al-Idrisi alikamilisha kitabu chake. Na mwezi wa Mfungo Tatu, tarehe 26 Februari 1154, Roger alifariki dunia, umri wake miaka 58. Alizikwa Palermo katika kaburi la jiwe jekundu lililo ghali mno.

Ramadhani moto, Mfungo Mosi kitabu, Mfungo Tatu mauti: miezi hiyo michache yatosha kumweleza mtu huyu. Heshima aliyowapa Waislamu ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa haki yao. Ilikuwa hisani ya mfalme, na mwenye hisani aweza kuirudisha mkononi mwake siku atakapoona inamgharimu.

Waliobaki walilijua hilo upesi. Mwaka 1160 Mahdia ilirudi mikononi mwa Waislamu. Mwaka 1161, zama za William mwana wa Roger, palizuka uasi Palermo, kasri ikaporwa na Waislamu wengi wakauawa. Inasemekana bamba la fedha lilipotea katika ghasia hizo. Ibn Jubayr alipopita Sisilia mwaka 1184 akitoka Hija, aliwakuta Waislamu wakisali na kufanya kazi, lakini kwa hofu. Mjukuu wa Roger, Mfalme Frederick wa Pili, aliwahamisha kwa nguvu hadi Lucera, Italia bara, na mwaka 1300 mji huo nao ukavunjwa, watu wake wakauzwa utumwani. Umri wa Uislamu Sisilia ukakoma.

Kilichosalimika ni karatasi. Kitabu kilinakiliwa na kunakiliwa tena, na mwaka 1592 muhtasari wake ulipigwa chapa kwa Kiarabu mjini Roma, mwaka mmoja tu kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa.

Wanormani waliitwaa Sisilia kwa upanga, na ufalme wao ulikwisha. Fedha ya mfalme ilikwenda na waporaji. Lakini kwa kuwa mtu mmoja aliwauliza wasafiri kwa uangalifu, na mwingine akayaandika majibu yao kwa uaminifu, leo mkaazi wa Malindi, Mambrui au Marafa anaweza kujua kwamba wazee wa nchi hii walikuwa na mji, kazi na biashara iliyosikika hadi Ulaya, katika zama ambazo Ulaya haijamtuma mtu yeyote kuja kuwatazama.