Inyasi wa Loyola: Hadithi Unayojisimulia Inakupeleka Wapi?



Kijana mwenzangu, ukitaja neno Loyola hapa Dar es Salaam, wengi watafikiria shule ya Mabibo. Leo nakupeleka Loyola yenyewe, kaskazini mwa Hispania, kwenye nyumba ya mawe ambamo mwaka 1521 mwanamume wa miaka kama 30 alikuwa amelala na mguu uliovunjika. Hawezi kwenda popote. Kutwa nzima anajisimulia hadithi kichwani. Huyo ndiye Mtakatifu Inyasi, na naamini ana jambo la kutufundisha kuhusu zile hadithi tunazojisimulia kimyakimya juu yetu wenyewe.

Unazijua hizo hadithi. Kwetu hakuna aliyewahi kufaulu, nami sitafaulu. Mimi nimeshaharibika, Mungu hawezi kunitaka tena. Au upande wa pili: mimi si mtu wa kawaida, siku moja watanitambua. Nikikaa na vijana wa VIWAWA au TYCS baada ya kipindi, soda mkononi, nazisikia zinatoka moja baada ya nyingine. Nyingine zinatolewa kama utani, lakini mwenye nayo anaiishi kweli kweli.

Nilipokuwa nasoma falsafa tulijadili sana swali la nini kinamfanya mtu awe yule yule jana na leo. Mwingereza John Locke alijibu kwamba ni kumbukumbu. Mfaransa Paul Ricoeur, karne ya 20, akaenda mbele zaidi: mtu hujitambua kwa kujisimulia, anaunganisha matukio ya maisha yake kama mtu anayeunganisha hadithi. Nilipenda sana hoja hiyo. Lakini nilibaki na swali: je, kama hadithi niliyonayo ni ya uongo? Nitajuaje? Hapo ndipo Inyasi aliponisaidia.

Alizaliwa mwaka 1491, mtoto wa mwisho katika familia kubwa ya kiungwana, akabatizwa kwa jina la Íñigo. Tangu ujana alilelewa kwenye nyumba za wakubwa, akajifunza kuvaa, kucheza dansi, kushika upanga na kuwavutia wanawake. Hadithi yake ya kwanza ilikuwa ya mwanajeshi shujaa. Tarehe 20 Mei 1521 Wafaransa waliushambulia mji wa Pamplona. Wenzake waliona wazi kwamba hawawezi kushinda, wakataka kujisalimisha. Yeye akawashawishi wapigane. Risasi ya mzinga ikamvunja mguu wa kulia na kuujeruhi wa kushoto, na alipoanguka yeye, ngome nayo ikasalimu amri.

Wafaransa wenyewe walimtibu, kisha akabebwa kwenye machela hadi nyumbani. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya, ikabidi uvunjwe tena. Ulipopona, kukabaki kinundu chini ya goti. Sasa sikia: alitaka kinundu hicho kikatwe kwa msumeno, bila dawa ya ganzi, kwa sababu kilimzuia kuvaa buti za kubana zilizokuwa fasheni ya mabwana wa wakati ule. Yaani mtu anakubali kukatwa mfupa ili hadithi yake isiharibike! Tusimcheke haraka. Wangapi kati yetu wanaumia kwa madeni ya simu na nguo ili picha yao isiharibike?

Akiwa kitandani aliomba vitabu vya mashujaa. Nyumbani havikuwepo. Akaletewa viwili tu: kimoja juu ya maisha ya Kristo, kingine juu ya watakatifu. Akawa anasoma, anakiweka kitabu pembeni, anawaza. Mara anajiona akimtumikia bibi mmoja wa cheo cha juu mno: nguo atakazovaa, maneno atakayomwambia. Saa tatu, saa nne zinapita. Mara nyingine anajiuliza itakuwaje akifanya aliyoyafanya Mtakatifu Fransisko, au Mtakatifu Dominiko.

Hadithi zote mbili zilikuwa tamu wakati anaziwaza. Tofauti aliiona baadaye. Ile ya bibi ilimwacha mkavu na asiyeridhika. Ile ya watakatifu ilimwacha na furaha hata baada ya kuacha kuiwaza. Siku moja macho yakamfunguka: akatambua kwamba kuna roho tofauti zinazomsukuma. Kumbe hadithi haipimwi kwa utamu wake wakati unaisimulia. Inapimwa kwa ladha inayobaki mdomoni baada ya hapo. Kwangu mimi, ugunduzi huu wa mgonjwa mmoja kitandani ni mkubwa kuliko mengi niliyoyafanyia mtihani.

Je, aliponyanyuka akawa mtakatifu papo hapo? Wala. Njiani kuelekea Montserrat, amempanda nyumbu (si yule wa Serengeti, ni yule anayezaliwa na punda na farasi), alikutana na Mwislamu mmoja, wakabishana juu ya ubikira wa Mama Maria. Yule bwana akatangulia. Inyasi akabaki anawaza: je, heshima ya Bikira inamdai amfuate na kumchoma kisu? Aliposhindwa kuamua, akamwachia nyumbu hatamu achague njia. Mungu ni mwema, nyumbu akachukua njia nyingine. Unaona? Alikuwa amebadilisha bwana wa kumtumikia, lakini hadithi ilikuwa ile ile ya upanga, safari hii imevishwa kanzu. Sisi tunaoishi na majirani Waislamu, tunaokula nao Idi na wao wanakuja kwetu Krismasi, tusisahau somo hili. Bidii ya dini bila kuchunguza moyo inaweza kushika kisu.

Montserrat alitumia siku tatu kuandaa na kufanya maungamo ya maisha yake yote kwa maandishi. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Machi 1522 alikesha mbele ya sanamu ya Mama Maria, akaacha hapo upanga na jambia. Nguo zake za thamani alimpa maskini, akavaa gunia. Akashuka Manresa, alikokaa karibu mwaka mzima.

Hapo ndipo penye sehemu ambayo wengi hatuisimulii. Ile hadithi ya shujaa ilipokufa, ilizaliwa nyingine: ya mkosefu asiyesamehewa. Alikuwa ameshaungama yote, tena kwa maandishi, lakini akawa anarudi kuungama yale yale. Labda lile sikulisema vizuri. Labda hili nimelisahau. Padre wake akamwambia asiungame tena ya zamani, isipokuwa lile lililo wazi kabisa. Kwake yote yalikuwa wazi! Akafunga wiki nzima bila kula wala kunywa. Akafika mahali akapata kishawishi cha kujitupa kwenye shimo lililokuwa chumbani mwake afe.

Nakuomba utulie hapa kidogo. Hadithi hii ya pili ilivaa maneno matakatifu: dhambi, toba, hukumu. Ilionekana ya kinyenyekevu. Lakini ilikuwa ya uongo, kwa sababu ndani yake Mungu hakuwa na kazi yoyote ya kufanya. Mhusika mkuu alikuwa bado ni yule yule Íñigo, safari hii kama bingwa wa wakosefu. Kijana anayejiambia kila siku kwamba ameshaharibika anadhani anajinyenyekeza. Hapana. Anakataa kumwachia Mungu kalamu. (Na kama mawazo yako yamefika hadi kutaka kujidhuru, usikae nayo peke yako. Mwambie leo hii padre, mzazi, mwalimu au mtu unayemwamini, na uende hospitali. Hiyo si imani haba.)

Inyasi alitokaje? Kwa kipimo kile kile cha Loyola. Akaangalia jinsi mawazo yale yanavyokuja, dhambi moja ikivuta nyingine kama mnyororo, na mwisho wake unamwacha wapi: kwenye kuchukia maisha aliyoanza na kutaka kuyaacha. Akatambua hiyo si sauti ya Mungu. Akaamua asiungame tena hata moja ya zile za zamani. Toka siku hiyo akawa huru.

Sasa akapanga hadithi ya tatu: kuishi na kufa Yerusalemu, akisaidia roho za watu. Akafika mwaka 1523. Wafransisko waliotunza mahali patakatifu wakamkatalia kubaki, maana mahujaji walikuwa wakitekwa na kudai kukombolewa kwa fedha. Kabla ya kuondoka alitoroka peke yake kwenda Mlima wa Mizeituni, akawahonga walinzi kisu kidogo aonyeshwe nyayo zinazosemekana ni za Bwana alipopaa. Kisha akakumbuka hakuangalia vizuri mguu upi ulielekea wapi, akarudi tena, safari hii akatoa mkasi. Mpango wa maisha yake umevunjika, naye anahangaika kujua miguu ya Bwana ilielekea wapi. Nampenda sana mtu huyu.

Akarudi Hispania, na akiwa na miaka 33 akaketi na watoto Barcelona kujifunza Kilatini. Wewe unayeona aibu kurudia mtihani wa kidato cha nne ukiwa na miaka 20, msikilize huyu. Alitiwa gerezani Alcalá, akatiwa tena Salamanca, kwa kushukiwa mafundisho yake. Mwaka 1528 akaingia Paris. Huko akaanza kuandikwa kwa jina la Ignatius, Inyasi tunayemjua sisi. Chumbani alikaa na vijana wawili: Petro Favre, na Fransisko Ksaveri, ambaye baadaye, mwaka 1542, angepita Malindi akiwa safarini kwenda India. Favre alisumbuliwa na wasiwasi wa dhamiri, ugonjwa ule ule wa Manresa. Na nani alimwelewa? Inyasi. Kidonda chake kilikuwa kimegeuka dawa ya mwenzake. Tarehe 15 Agosti 1534 wenzi saba waliweka nadhiri Montmartre, na tarehe 27 Septemba 1540 Baba Mtakatifu Paulo III akalithibitisha Shirika la Yesu.

Uzeeni, Roma, mapadre wake walimsihi awasimulie jinsi Mungu alivyomwongoza. Padre Nadal alimwambia itakuwa kama wosia wa baba kwa wanawe. Akasitasita. Kilichomsukuma, mwaka 1553, ni mazungumzo na Padre Luís Gonçalves da Câmara, aliyekuja kumfungulia moyo kwamba anasumbuliwa na kutafuta sifa. Inyasi akamwambia kwamba hata yeye aliteswa na jambo hilo miaka miwili. Baada ya hapo akaamua kusimulia, na Luís akaandika. Alianza na ujana wake wa anasa bila kuficha. Na katika masimulizi yote hajiiti mimi. Anajiita yule msafiri, anayekwenda hija.

Siyo shujaa, siyo mkosefu. Msafiri. Mtu aliye njiani anaweza kuanguka bila anguko kuwa jina lake. Anaweza kufanikiwa bila mafanikio kuwa nyumba yake. Na yupo anayemwongoza.

Jambo hili linanigusa mwenyewe. Frateri yeyote atakuambia: kila parokia unayofika unaulizwa kwa nini uliingia seminari. Nimesimulia wito wangu mara nyingi sasa. Nagundua kwamba kadiri ninavyokua, matukio ni yale yale lakini maana yake inabadilika. Nilipokuwa mdogo mhusika mkuu alikuwa mimi na uamuzi wangu. Siku hizi naona zaidi watu walionibeba, na Mungu aliyenisubiri. Mwisho wake siujui, upadrisho bado uko mbele. Nilikuwa nadhani hilo ni pungufu la hadithi yangu. Inyasi ameniponya: hata masimulizi yake yanaishia mwaka 1538, miaka 18 kabla hajafa tarehe 31 Julai 1556.

Wiki hii jaribu hivi. Jioni, kabla ya kushika simu kwa mara ya mwisho, kaa kimya dakika 10. Mshukuru Mungu. Pitia siku yako tangu asubuhi. Uliza: leo nilijisimulia nini juu yangu? Kiliniacha na ladha gani? Mungu alikuwa wapi ndani yake? Omba msamaha, omba neema ya kesho, lala. Na kama kuna hadithi inayokuelemea, mtafute mtu mmoja umsimulie kwa sauti. Hadithi nyingi za uongo hufa zikitolewa nje ya kichwa.

Ee Bwana, tunakukabidhi hadithi zetu, zile tunazojivunia na zile tunazozionea aibu. Utufundishe kujiona kama unavyotuona, tupo njiani nawe. Amina.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.