Auguste Kerckhoffs, mwalimu aliyefundisha kulinda ufunguo kuliko mashine

KIRUMBA – Mwishoni mwa Juni 2024, mji wa Kirumba, katika eneo la Lubero, Kivu Kaskazini, ulianguka mikononi mwa waasi wa M23. Watu wengi walikimbia kuelekea Lubero na Butembo. Katika hali kama hiyo, kompyuta ya ofisi inaweza kubaki nyuma. Je, majina yaliyohifadhiwa humo yanakuwa ya yule anayeikuta? Mwalimu mmoja wa lugha alishughulikia swali la namna hii zaidi ya miaka 140 iliyopita.

Auguste Kerckhoffs alizaliwa tarehe 19 Januari 1835 katika kijiji cha Nuth, Uholanzi. Alisoma kwenye Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, akafundisha Uholanzi na Ufaransa, na mwishowe akawa profesa wa Kijerumani mjini Paris.

Ufaransa ilikuwa bado na uchungu wa kushindwa vita na Prussia mwaka 1870 na 1871. Majeshi yalikuwa yameanza kutegemea telegrafu, na ujumbe wa telegrafu hupita katika mikono mingi. Wakubwa wengi wa jeshi waliamini kwamba usalama ni kuficha mbinu yote ya kuandika kwa siri.

Mwaka 1883, Januari na Februari, Kerckhoffs aliandika katika jarida la kijeshi la Ufaransa, Journal des sciences militaires, akipinga imani hiyo. Alitoa masharti 6. Lililo maarufu zaidi linasema mbinu isihitaji kufichwa, na iweze kuanguka mikononi mwa adui bila kuleta hasara. Sababu yake ni rahisi: kitu kinachotumiwa na askari wengi hakiwezi kubaki siri. Mmoja atatekwa, mwingine atahongwa. Cha kulinda ni ufunguo peke yake, nao uwe rahisi kukumbukwa bila karatasi na kubadilishwa wakati wowote.

Baadaye alijitolea kwa Volapük, lugha iliyobuniwa na padri Mjerumani, Johann Martin Schleyer, ili iunganishe mataifa. Mwaka 1887 alichaguliwa kuongoza akademia yake. Lakini Kerckhoffs alitaka lugha irahisishwe, na Schleyer alitaka neno la mwisho libaki lake. Ugomvi uliigawanya harakati, Kerckhoffs akajitoa, na Volapük ikadhoofika. Alifariki Uswisi tarehe 9 Agosti 1903.

Kanuni yake bado inafundishwa kwa wanaolinda kompyuta. Tuchukue hospitali inayoweka orodha ya wagonjwa kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali. Ili majibu yatoke haraka, fundi huweka kashe: akiba ndogo ya data zinazoombwa kila mara, kama vile butiki ya mtaani inavyoweka chumvi na sabuni ili mnunuzi asifunge safari mpaka depo ya Butembo. Programu za kazi hiyo, kama Redis, zinajulikana dunia nzima. Siri ni neno la kuifungua tu.

Kosa la kawaida ni kuandika neno hilo ndani ya programu yenyewe, au kulituma kwenye grupu la WhatsApp. Hapo anayepata mashine amepata na ufunguo. Neno la siri likae kwenye hifadhi maalum ya siri, ambayo kampuni za wingu hutoa. Kashe isiachwe wazi kwa intaneti yote, ila kwa kompyuta zinazoihitaji. Data zisafiri zikiwa zimefungwa kwa siri. Kila programu iwe na ufunguo wake, wenye ruhusa za kazi yake tu.

Na siku watu wanapolazimika kukimbia, yeyote aliye na mtandao, awe Butembo au Beni, abadilishe funguo zote kabla ya kuulizia kompyuta iliyobaki.