Sheldrick wa Voi: Kufuga Si Kulea

Huwa nawakumbusha wanafunzi wangu kuwa kufuga si kulea. Maisha ya David Sheldrick yanaidhihirisha tofauti hiyo. Alizaliwa Misri mwaka 1919, akawa mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki, katika mbuga iliyotengwa mwaka 1948. Makao yake ya kazi hapo Voi yaligeuka pia maskani ya ndovu mayatima, wakiwamo Samson, Fatuma na Eleanor. Mzigo haukuwa wake pekee: wafanyakazi wa mbuga waliwachunga nyikani mchana, jioni wakawarejesha zizini. Hawakuwekwa wawe mapambo ya mkubwa. Walilelewa warudi porini. Sheldrick alifariki mwaka 1977. Tunapolitaja jina lake, tuwakumbuke na wachungaji wale.